Mzinga Hautundikwi Kwenye Kisiki

Hotuba ya mwalimu mstaafu wa jiografia kwa wakazi wa Nakuru

Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama pale mlangoni kwa kukosa viti, hamjambo? Nashukuru kwa mwaliko. Nimepewa dakika arobaini nizungumze juu ya misitu na wenyeji wake. Dakika arobaini ndio ulikuwa muda wa kipindi kimoja darasani, na wanafunzi wangu wa zamani waliomo humu ndani ni mashahidi kwamba kengele ilikuwa ikinikuta bado nachora mto ubaoni. Basi mnivumilie.

Kabla sijasema nani amekula msitu wa Mau, huu wa milima iliyo juu yetu hapa Nakuru, acha nianze na nilivyoula mimi.

Nilizaliwa mwaka 1958 Elburgon, katika kambi ya wafanyakazi wa kiwanda cha mbao. Baba alitoka kwetu Magharibi, kando ya mto Yala, akatafuta kazi mpaka akaipata ya kusukuma magogo kwenye msumeno. Saa yetu ya ukutani ilikuwa king'ora cha kiwanda. Vumbi la mbao lililala juu ya uji, likaingia kwenye blanketi na masikioni. Podo ilikuwa na harufu yake na mwerezi harufu yake, na jioni nikinusa shati la baba nilijua siku hiyo wamepasua mti gani. Viatu vyangu vya kwanza vilitoka Mau. Karo yangu ya sekondari ilitoka Mau. Kitanda alichofia mama yangu kilikuwa cha mwerezi, na mpaka leo hakijaguswa na mdudu. Sikuwahi kujiuliza mti ule, kabla haujawa gogo, ulikuwa wa nani. Tulijua ni wa serikali, na jibu hilo lilitutosha.

Sasa, mara moja moja walikuwa wakishuka watu kutoka kule juu, wanaume wapole wasiopenda kelele, wamebeba asali katika mifuko ya ngozi. Walibadilishana na akina mama zetu kwa unga na chumvi, kisha wakapotea tena mitini. Sisi watoto tuliwaita Wandorobo. Hatukujua kwamba tunatukana. Neno hilo asili yake ni la Wamaasai, nao walikuwa wakimaanisha maskini, mtu asiye na ng'ombe. Wakoloni wakalidaka, wakaliandika katika vitabu vyao kana kwamba ni jina la kabila. Wenyewe wanajiita Ogiek, na ukiwauliza maana yake watakwambia ni mlinzi wa mimea na wanyama.

Angalieni hesabu iliyojificha ndani ya jina lile la kwanza. Mtu amepimwa kwa alichokosa. Hana ng'ombe, hana shamba lililolimwa, hana ua, basi hana kitu. Na asiye na kitu utamnyang'anya nini? Mapema miaka ya 1930 tume ya ardhi ya Jaji Carter ilipowafikia watu hawa, ilipendekeza wahamishiwe katika maeneo ya makabila makubwa. Yaani watu walikuwepo, ila ardhi yao haikuonekana. Hesabu hiyo ndiyo tumeendelea kuipiga mpaka leo, tukibadilisha wino tu.

Mimi mwenyewe niliamka nikiwa mtu mzima. Mwaka 1987 nilikuwa nikifundisha shule moja upande wa Njoro, nikawapandisha wanafunzi wa kidato cha tatu msituni, juu ya Mariashoni, tukasome mto unapoanzia. Nilikuwa nimebeba ramani rasmi, ile kubwa ya kukunjua, najiona bwana mkubwa. Tukampata mzee mmoja wa Ogiek akatuongoza. Tulipofika mahali nikaikunjua ramani juu ya jiwe, nikamwonyesha mzee tulipo. Akaitazama. Akauliza hii rangi ya kijani ni nini. Nikasema ni msitu. Akauliza, na hapa katikati? Nikasema, msitu. Na huku? Msitu.

Mzee hakucheka, ingawa wanafunzi walicheka. Alisimama akaanza kunyoosha fimbo. Kijito hiki jina lake hili, na ng'ambo yake ni kwa ukoo fulani. Ule ukingo wa kilima ndio mpaka. Mti ule wenye mzinga ni wa fulani, babu yake ndiye aliyeutundika wa kwanza. Pale chini kuna pango la pimbi. Mle bondeni hatupiti hivi hivi, kuna mambo ya wazee. Katika mwendo usiofika kilomita mbili alinitajia majina kumi na manne. Niliyaandika nyuma ya daftari la mahudhurio kwa kuwa sikuwa na karatasi nyingine, na mwalimu mkuu alinigombeza kwa kuchafua mali ya shule. Ramani yangu mahali hapo haikuwa na jina hata moja.

Wenye maduka hapa mjini hupenda kubandika ukutani: mali bila daftari hupotea bila habari. Kweli kabisa. Lakini mzee yule daftari alikuwa nalo! Lilikuwa limeandikwa kwenye miti na vijito, likasomwa na ukoo mzima kwa vizazi. Tatizo ni kwamba hakuna afisi iliyokubali kujifunza kulisoma.

Turudi kwenye asali, maana hapo ndipo penye utamu, na ndipo ilipo hoja yangu yote. Sote tunaijua methali ya fuata nyuki ule asali. Kwetu ni ya kumpa moyo mtoto wa shule. Kwa Ogiek ni ratiba ya mwaka. Mau inapanda kutoka chini kwenye miti mikubwa, inapita kwenye mianzi, mpaka baridi kali huko juu karibu mita 3,000. Miti haichanui yote wakati mmoja. Huku chini maua yakiisha, juu yanaanza. Nyuki wanapanda na maua, na mrinaji anapanda na nyuki. Ndiyo sababu eneo la ukoo halikuwa duara kama shamba la ngano. Lilikuwa kama utepe, unaanzia chini na kukwea mpaka juu, ili kila ukoo upate sehemu yake ya kila msimu. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na mbili na sijaona mpango wa ardhi uliofikiriwa vizuri kuliko huo.

Juu kule kuna mti wanaouita silibwet. Unapochanua, asali yake hutoka nyeupe, nzito, na mzee wa Ogiek akiionja anakwambia ilikotoka kama vile wewe unavyojua chai ya Kericho na ya Limuru. Mzinga wenyewe ni gogo la mwerezi, limepasuliwa kati, likachongwa ndani kwa tezo, kisha vipande viwili vikafungwa tena. Wanachagua mwerezi kwa kuwa hauozi. Moshi wa kutuliza nyuki unatokana na maganda makavu ya mwerezi huohuo. Kisha kuna nyuki wadogo wasiouma, kosomek, asali yao kidogo kidogo, hiyo ni dawa. Asali ilikuwa chakula, ilikuwa mahari, ilikuwa ya kuombea baraka na kupatanisha waliogombana.

Siku ile nilimuuliza mzee swali la kijinga, nikitaka wanafunzi waandike jibu. Nilisema, nyinyi mnalindaje msitu? Nilitarajia aseme tunapanda miche. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa analindaje mapafu yake. Akasema, "Mwalimu, mzinga hautundikwi kwenye kisiki." Akaendelea kutembea.

Nimekaa na sentensi hiyo miaka mingi. Mimi na baba yangu tulilipwa mti ukianguka. Mzee yule alilipwa mti ukisimama, tena ukichanua. Huhitaji kuwa malaika kulinda kitu cha namna hiyo, na nawaomba tuache kuwafanya Ogiek malaika. Ni watu kama sisi, wana wagomvi wao na wachoyo wao. Isipokuwa mfuko wao ulikuwa umefungwa upande mmoja na msitu, wetu tukaufunga upande wa msumeno.

Basi nani aliumaliza? Mau nzima ni kama hekta 400,000, na karibu robo yake imeondoka. Wakoloni walianza kwa kufyeka miti ya asili na kupanda misonobari na misaiprasi kwa ajili ya mbao, mistari iliyonyooka kama gwaride. Pitia msitu wa namna hiyo usikilize: kimya. Nyuki hana kazi humo. Mwaka 1986 zikaanzishwa kanda za chai za Nyayo, ziwe ukuta wa kuzuia watu wasiingie msituni. Na ili kuupata ukuta huo, msitu wenyewe ukafyekwa kwanza. (Mkicheka mimi nitalia.) Miaka ya 1990 Mau Mashariki ikaanza kukatwa vipande kwa jina la kuwapa makao Ogiek, kule Nessuit, Mariashoni na kwingineko. Wakapata wachache. Vilivyobaki, na vilivyo vizuri zaidi, viliwaendea watu waliokuwa hawajawahi kuona mzinga. Mwaka 2001, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, zikatolewa kwa mkupuo hekta zaidi ya 60,000 za misitu nchini, sehemu kubwa ikiwa ni Mau Mashariki na Mau Kusini-Magharibi. Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 iliyaandika mambo ya ugawaji huo wa ardhi za umma, na kila mwenye kutaka anaweza kusoma.

Oneni kwamba kila hatua ilipitia mezani. Kulikuwa na saini, kulikuwa na muhuri. Shoka lilikuja mwishoni.

Najua kuna mtu hapa, na ana haki, anajiambia: Mwalimu, hao Ogiek nao wameuza. Ni kweli. Nawafahamu waliouza. Mtu alipewa ekari tano na karatasi yenye jina lake peke yake. Ukoo hauko kwenye karatasi, mkewe hayuko, utepe wa kupanda juu na maua haupo. Ekari tano hazitoshi mizinga, na kulima mahindi hakufundishwa. Mtoto akafukuzwa shule kwa karo, tajiri akaja na gari. Ungefanya nini? Ndiyo maana nikisikia mwanasiasa anaahidi "kuwapa Ogiek hatimiliki" mimi huuliza kwanza: hati ya namna gani? Hati ya mtu mmoja mmoja ndiyo iliyomaliza Mau Mashariki. Wanachodai wazee ninaowafahamu mimi ni hati ya jamii, ardhi ambayo hakuna mtu mmoja anayeweza kuamka na njaa akaiuza. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 ipo. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 63, imesema waziwazi kwamba ardhi za mababu, zilizokaliwa tangu jadi na jamii za wawindaji na wakusanyaji, ni ardhi ya jamii. Si mimi niliyeandika. Tuliipigia kura.

Mahakamani wameenda mpaka viatu vimeisha. Mwaka 2000 Ogiek wa Tinet, huko huko Mau, walishindwa katika Mahakama Kuu. Majaji waliona, kwa ufupi, kwamba hawa si wale tena: wamebadilika, wanalima, wanajenga, wanakwenda shule, kwa hiyo hawawezi kudai wanaishi kwa msitu. Mimi huwa najiuliza, Mluhya akivaa suti anapoteza shamba la babu yake kule Vihiga? Mbona mwenzetu akinunua redio tu, tunamwambia amekwisha kuwa mtu mwingine, atoke?

Oktoba 2009 wakapewa notisi ya siku 30 waondoke Mau. Jambo likapelekwa kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, nayo mwaka 2012 ikalifikisha kwenye Mahakama ya Afrika kule Arusha. Serikali ilijitetea kwamba inawaondoa ili kuokoa msitu. Tarehe 26 Mei 2017 majaji wakatoa hukumu. Wakasema Ogiek ni watu asilia wenye haki ya ardhi yao ya mababu, na kwamba Kenya imevunja haki zao za mali, za utamaduni, za ibada, za maendeleo. Wakasema pia utamaduni kubadilika si kufa. Hakuna sheria inayomtaka mtu agande kama picha ili atambuliwe. Lakini la muhimu zaidi kwetu sisi wanywaji wa maji ya Mau ni hili: walipotazama ushahidi, waliona kwamba uharibifu wa msitu haukuletwa na Ogiek. Uliletwa na watu wengine walioingia, na serikali yenyewe kwa kukata vipande vya makazi na kutoa vibali vya ukataji vilivyokosa busara. Utetezi wa msitu uligeuka ushahidi dhidi ya mtetezi.

Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ikaamuru fidia: shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa machungu. Magazeti yalishika hizo pesa. Mimi nilishika amri nyingine: ardhi ya mababu ipimwe, iwekewe mipaka na kutolewa hati ya pamoja, ndani ya miaka miwili, kwa kushauriana na wenyewe. Na palipo na watu wengine au kampuni juu ya ardhi hiyo, serikali iwakalishe pande zote mezani. Sikuona mahali palipoandikwa kwamba jirani yangu wa Kuresoi afukuzwe usiku. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu tunaijua Nakuru na tunaujua mwaka 2008, ule wa machafuko ya baada ya uchaguzi, na wapo wanaolisha watu hofu wapate kura.

Miaka miwili ilikwisha Juni 2024. Hati haikutoka.

Na katikati ya miaka hiyo miwili kuna jambo ambalo huniondolea usingizi. Mtakumbuka tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa sikukuu ya kupanda miti, nchi nzima, katika ule mpango wa miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Nilipanda mitano, mgongo ukanisumbua wiki nzima. Lakini mwanzoni mwa mwezi huohuo, kule Sasimwani upande wa Narok, nyumba za Ogiek zilikuwa zikibomolewa na kuchomwa, watu kama 700 wakabaki nje na watoto wao mvua ikinyesha. Serikali ilisema inaondoa wavamizi. Wavamizi wenye hukumu ya Arusha mkononi! Nilikuwa na koleo mikononi na picha hizo kwenye simu. Sikujua nizike ipi.

Wenzao wa milima mingine wamepita njia hiyohiyo. Sengwer wa msitu wa Embobut, kule milima ya Cherangany, familia ziliahidiwa shilingi 400,000 kila moja mwaka 2013 waondoke, na Januari 2014 moto ukafuata ingawa kulikuwa na zuio la mahakama. Laki nne! Wenye mashamba hapa mnajua laki nne hununua nini. Sitakaa hapo sana.

Nitakaa kidogo Mlima Elgon, kwa sababu kule kuna funzo la pande mbili. Ogiek wa Chepkitale waliteremshwa kuanzia mwaka 1971 wakapelekwa Chepyuk, wawe wakulima. Ardhi ya Chepyuk ikagawiwa, ikafutwa, ikagawiwa tena, kila awamu ikiacha waliopata na waliokosa, mpaka ugomvi huo ukazaa vita vya 2006 hadi 2008 ambavyo watu wa Bungoma na Trans Nzoia hawataki hata kuvikumbuka. Huo ndio uhifadhi wa kuhamisha watu. Upande wa pili: wapo waliobaki au waliorudi juu. Mwaka 2000 nyanda zao zikatangazwa hifadhi ya taifa ya wanyama bila wao kuulizwa vilivyo. Wakaenda mahakamani, na huku wakisubiri wakafanya jambo la busara: walikaa, koo kwa koo, wakaziandika kanuni zao za jadi. Kuchoma makaa, marufuku. Wakachagua vijana wao wa doria wanaojua kila njia ya ng'ombe na kila njia ya tembo. Mwaka 2022 mahakama ya ardhi ya Bungoma iliwapa haki. Askari wa msitu anayelipwa mshahara analala nyumbani Jumapili, na si kosa lake. Mwenye mzinga Jumapili anakwenda kuutazama.

Nimeulizwa na kijana mmoja kabla sijapanda hapa: haya yanatuhusu nini sisi wa mjini? Fungua bomba. Mto Njoro unaanzia Mau Mashariki, na ndiye mlishaji mkuu wa ziwa letu. Nilipokuwa kijana ulikuwa ukikoroma mwaka mzima. Baadaye ukaanza kukatika miezi ya kiangazi, na katikati ya miaka ya 1990 Ziwa Nakuru lilikaribia kukauka, heroe wakaondoka, upepo ukaturushia magadi machoni. Kisha miaka ya karibuni ziwa limefurika hadi likameza lango la hifadhi na nyumba za watu. Sitawadanganya kwamba kila futi ya mafuriko ni mti uliokatwa. Hata Baringo imefurika, na mvua zilikuwa nyingi bonde lote. Lakini mlima usio na msitu hauwezi kukutunzia maji ya Aprili mpaka Januari. Udongo wa chini ya miti ya asili ni kama sifongo. Ukanyage uone unavyobonyea. Udongo wa shamba la mahindi kwenye mteremko unatiririka pamoja na mvua, ukishuka una rangi ya chai ya maziwa.

Kwa jamaa zangu wa Kisumu, na nawaona wawili watatu, mto Sondu nao unatoka Mau. Kituo cha umeme cha Sondu Miriu cha megawati 60 hakina bwawa kubwa la akiba, kinategemea mto unavyokuja siku hiyo. Mashamba ya mpunga ya Ahero yanategemea Nyando, na Nyando hiyohiyo ikija kwa hasira watu wa Kano wanahamia shuleni na magodoro yao. Mara ya Wamaasai na nyumbu wa Serengeti, nayo inaanzia Mau. Kwa hiyo ukisikia "Ogiek wanadai msitu", usifikiri mtu anataka kufunga bomba lako. Anaomba arudishiwe ufunguo wa chumba alichokuwa akikifagia bure.

Sasa mnaomba niseme tufanye nini. Mimi si wakili. Hukumu ipo, imeandikwa, imetafsiriwa; gavana na wabunge wetu wakija kuomba kura mwulizeni kila mmoja, mbele ya watu, hati ya jamii ya Ogiek imefika wapi, na msikubali jibu la miche. Walimu wenzangu, mkipeleka watoto Mariashoni, mchukueni mwenyeji awafundishe majina, tena mumlipe kama mnavyomlipa dereva wa basi. Mnaonunua asali kando ya barabara, ulizeni imetoka wapi. Ikiwa ya Mau, usipunguze bei hata shilingi kumi. Na vyama vya kupanda miti, mnaopenda kupiga picha na mche: kabla ya kupanda juu kule, waulizeni wenyeji mti gani, na wapi. Msiwapelekee tena msonobari.

Nilikuwa na mambo mengine kwenye karatasi hii, juu ya kibali cha ukataji kilichofungwa Februari 2018 na kufunguliwa tena 2023, lakini naona saa. Na kuna jambo nimelificha makusudi. Lile daftari la mahudhurio nililiiba nilipohama shule ile. Nimekuja nalo, hili hapa, karatasi zimegeuka manjano. Yapo majina kumi na manne, ila nayatamka kama Mluhya, na matatu siwezi kuyasoma mwandiko wangu mwenyewe. Mjukuu wa mzee yule amekaa safu ya pili, yule mama mwenye leso ya bluu. Tangu nianze amekuwa akitikisa kichwa kila ninapokosea jina la mti. Mpeni kipaza sauti, mama ayasome.